Namna ya Kuwashirikisha Wanafunzi Katika Jengo la Kijani Bila Jengo Lenyewe Kujua

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi, hongera. Fedha za jengo la utafiti zimepatikana, mfadhili yuko mbali, na barua pepe zake zina adabu. Tatizo ni ukurasa wa kumi na nne wa andiko la mradi. Pale uliandika, usiku wa kuamkia siku ya mwisho, kwamba wanafunzi watashirikishwa kikamilifu katika kusanifu jengo endelevu linalotumia nishati kidogo. Ulidhani hakuna anayefika ukurasa wa kumi na nne. Yupo aliyefika, na sasa anataka picha, orodha ya mahudhurio na taarifa fupi. Usihangaike. Mwongozo huu umeandikwa na mtu aliyewahi kushirikishwa kikamilifu, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam ambacho tutakisitiri, akapewa fulana ya kijani na chupa ya maji. Chupa ilipotea wiki ileile. Fulana ipo, mke wangu anaipigia deki.

Cha kwanza ni kujua saa ya kuwaita. Mwanafunzi akiitwa mapema ana madhara. Jengo huamua litakula umeme kiasi gani siku ile msanifu anapoweka penseli kwenye karatasi tupu: ubavu mrefu utazame wapi, upepo uingilie wapi utokee wapi, kioo kiwe kiasi gani. Baada ya hapo kinachobaki ni kuliuguza. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hubaki juu mwaka mzima, na paa lenye ukingo mpana linalimudu. Jua korofi ni la asubuhi na la alasiri. Hilo huja limeinama, likapita chini ya paa na chini ya kibaraza hadi mezani kwa mtu. Ndiyo maana kuta ndefu hutazamishwa kaskazini na kusini, na zile fupi ndizo huachiwa mashariki na magharibi. Hili limo kwenye desa, yaani madokezo ya masomo, la mwaka wa kwanza wa usanifu. Asiyelijua anapata sapu, yaani anarudia mtihani, na akiendelea kutolijua anadisko, yaani anaondolewa chuoni.

Sasa fikiria kumweka mtu wa namna hiyo mezani karatasi ikiwa bado nyeupe! Mwite michoro ikishagongwa mihuri yote. Akinyoosha mkono kuuliza kwa nini maabara zote zinatazama magharibi, mjibu kwa upole wa mzazi: “Mwanangu, hoja yako ni nzuri mno. Bahati mbaya michoro imeshapita.” Sentensi hiyo ikariri, maana utaitumia kuliko fundi atakavyotumia nyundo. Sababu yenyewe usimwambie. Barabara kuu iko magharibi, na mgeni rasmi atakuja kwa barabara kuu.

Kuhusu nani wa kuita, watatu wanatosha. Mheshimiwa Rais wa serikali ya wanafunzi lazima awepo, kwa kuwa ana suti na anajua kufunga kikao kwa shukrani. Waziri wake wa mikopo aje naye, ingawa akili yake yote itakuwa kwenye bumu, fedha za mkopo za kujikimu, lililochelewa. Wa tatu awe binti wa uhandisi, avalishwe kofia ngumu ya njano, ashike mchoro uliokunjuliwa, mpiga picha afanye kazi yake. (Binti huyu, nakutahadharisha, huwa ndiye anayejua kusoma mchoro. Ukimwona anaugeuzageuza kutafuta kaskazini iko wapi, mwitie soda.) Mimi nilikuwa wa nne, wa kubeba stendi ya flipchati, kwa hiyo niliona yote.

Wa kuwakwepa ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaoshinda kwenye maabara za zamani, pamoja na yule fundi sanifu wa maabara, mzee wa koti jeupe lenye madoa, aliyewapokea na kuwaaga wakuu wa idara kadhaa. Hao wanajua dirisha lipi halijafunguka tangu lini, sinki lipi linavuja, na chumba kipi kina viyoyozi viwili na bado watu wanajipepea kwa makaratasi. Ukiwaita watasema.

Warsha iwe ya siku moja, hotelini, mbali na chuo, penye kiyoyozi cha kutetemesha, ili kila mshiriki akubali moyoni kwamba kiyoyozi ni kitu chema. Chai ya saa nne iwe na sambusa za nyama. Gawa kadi za rangi: za kijani waandike ndoto, za njano waandike changamoto, zibandikwe ukutani. Jioni zikusanywe kwa heshima, zifungwe kwa raba bendi, ziwekwe kwenye kabrasha. Zimefika. Hazitasumbuliwa tena.

Maswali nayo yachaguliwe. “Mngependa jengo lenye mandhari ya kuvutia?” ni swali zuri, hakuna atakayekataa. “Mngependa intaneti yenye kasi?” ni zuri zaidi, linakula saa nzima. Swali hatari ni moja tu: “Saa tisa alasiri huwa mnakaa wapi?”

Ni hatari kwa sababu jibu lake ni kimbweta. Kwa msomaji ambaye hakupitia vyuo vyetu, kimbweta ni meza ya zege na mabenchi yake ya zege, vimesimikwa ardhini chini ya mwembe au mti wowote wenye huruma, haviozi na haviibiki. Hapo ndipo watu husoma, hugawana madesa, huchumbiana na kungoja matokeo. Kitazame kimbweta kwa jicho la mhandisi, utaona haya. Kivuli chake kinatoka kwenye majani yaliyopandana tabaka kwa tabaka, na majani hayashiki moto kama bati, kwa kuwa mti hupoteza maji kupitia majani yake na kujipoza, kama mtu anavyotoka jasho. Kuta hakuna. Kusi ikivuma katikati ya mwaka inapita, na kaskazi ikishika zamu mwishoni mwa mwaka inapita vilevile. Benchi halikuguswa na jua tangu jana, ukilikalia asubuhi ubaridi unapenya suruali. Umeme unaotumika ni sifuri. Hapo wanafunzi wameshafanya utafiti wao wa matumizi ya majengo, bila posho: ukumbi wa gharama uko wazi na mtupu, nao wamejazana chini ya mti. Hakuna mshauri elekezi anayelipwa kwa dola anayeweza kusimama mbele ya ushahidi huo. Kwa hiyo usiulize.

Mshauri elekezi mwenyewe lazima aonyeshe kichuguu. Siku hizi wasilisho la jengo la kijani barani Afrika bila picha ya kichuguu ni kama pilau bila bizari. Chanzo ni jengo la Eastgate la Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, ambalo msanifu wake, Mick Pearce, aliwatazama mchwa kwanza. Onyesha picha, ruka maelezo. Maelezo yana kero: hewa ya usiku yenye ubaridi hupulizwa ndani ya jengo, zege zito likapoa, na mchana zege hilo likafyonza joto la watu na mashine. Vioo vyake vimewekewa vivuli. Mwanafunzi akisikia hayo atauliza mbona letu ni kioo kitupu. Mwenye akili zaidi ataongeza kwamba Harare iko juu, usiku kuna baridi ya kuazima, ilhali usiku wa Februari wa Dar es Salaam hauna cha kumkopesha mtu, hivyo huku kwetu cha kutafuta ni kivuli na upepo kabla ya kichuguu. Huyo mpangie kikundi cha kuandaa burudani.

Tahadhari hiyohiyo ni kwa picha za Nairobi. Ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, zilizofunguliwa mwaka 2011, zina ua mpana katikati unaopandisha hewa ya moto hadi itoke, na juu yake paneli za jua za mita za mraba 6,000. Maktaba ya Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki hupozwa kwa hewa iliyopitishwa kwenye mawe yaliyolazwa chini. Picha tu, tafadhali. Na soko la Kariakoo usilikaribie kabisa. Mtu atakumbuka kwamba Beda Amuli, miaka ya 1970, aliezeka soko lile kwa miavuli ya zege inayokinga mvua na kuishusha kwenye matangi ya chini ya ardhi, hapahapa mjini, bila kichuguu chochote.

Atakuwepo pia mwanafunzi kutoka Unguja. Atasema nyumba ya bibi yake Mji Mkongwe haina kiyoyozi na mchana watu wanalala usingizi wa kukoroma. Ataeleza kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziruhusu upana zaidi ya mita tatu hivi, dari iliyo juu, ua wa katikati, na vichochoro vilivyobanana hadi nyumba moja inaitilia kivuli nyingine. Msikilize hadi mwisho, tikisa kichwa, kisha mwambie hayo ni mambo ya utamaduni na yana wiki yake.

Sasa kioo. Kioo hakijadiliwi. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo bila kubisha hodi, unapiga sakafu na meza, unageuka joto, na joto hilo halipati njia rahisi ya kutoka. Nchi za baridi hutumia hila hiyo makusudi kuotesha nyanya wakati wa theluji, na sisi tunaiita kitalu nyumba. Ukiijenga ghorofa nne, ukaielekeza magharibi, ukaitia watu, inaitwa kituo cha umahiri. Hakikisha madirisha hayafunguki, maana dirisha linalofunguka linamdharau fundi wa viyoyozi. Pangaboi nalo usilitaje. Pangaboi hula umeme kidogo sana ukilinganisha na kiyoyozi, na likizunguka, mtu anavumilia nyuzi mbili tatu zaidi bila kulalamika, lakini lina sura ya shule ya msingi.

Hadi hapa tumezungumzia jengo lolote. Lako ni la utafiti, na hapa inabidi ukaze kamba zaidi, maana ndani ya maabara wanafunzi wanajua kuliko msanifu, kuliko mkadiriaji majenzi, na, samahani Ndugu Mwenyekiti, kuliko wewe. Chukua lile kabati la kioo la kufyonzea mvuke wa kemikali, ambalo wenyewe wanaliita fyumu hudi. Kazi yake ni kuvuta hewa ya chumba na kuitupa juu ya paa ili mtu asivute sumu. Ni kazi takatifu. Ila hewa inayotupwa ni ileile iliyopozwa kwa gharama, na nyingine lazima ivutwe kutoka nje, ikiwa na joto na unyevu wake wote wa pwani, ipozwe, nayo itupwe. Kabati moja linaloachwa wazi usiku na mchana linaweza kula nishati kuliko nyumba nzima ya familia. Dawa ya kwanza ni ndogo hadi inatia hasira: kama feni zake ni za kisasa, zinazopunguza kasi kabati likifungwa, shusha kioo ukimaliza kazi. Harvard huko Marekani waliwahi kufanya mashindano kati ya maabara na maabara ya kushusha vioo tu. Dawa ya pili ni kuuliza, kabla ya kuchora, ni makabati mangapi yanatumika kweli. Mwanafunzi wa kemia atakwambia manne. Mchoro una kumi na sita, kwa sababu mchoro ulitoka kwenye jengo jingine.

Au chukua mafriza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ya kuhifadhia sampuli. La zamani hula yuniti kama 20 kwa siku. Piga hesabu. Katika siku nne limeshapita yuniti 75, kile kiwango cha mwezi mzima cha mteja mdogo wa nyumbani katika bei za umeme za Tanzania. Ukilipandisha hadi nyuzi 70 chini ya sifuri linapunguza karibu theluthi ya umeme huo, na sampuli nyingi hazitajua tofauti. Mwanafunzi wa uzamivu anajua pia kwamba nusu ya vilivyomo ni vichupa vya watu waliohitimu zamani, vimeandikwa kwa kalamu iliyofutika, na hakuna mwenye ujasiri wa kuvitupa. Anajua mafriza yote yanatema joto lao ndani ya chumba, na kiyoyozi kinahangaika kulitoa, kwa hiyo unalipia ubaridi mara mbili. Angeomba chumba cha mafriza kiwe pembeni, upande wa kivulini, chenye njia yake ya kutolea joto. Ombi lake lingegharimu mstari mmoja wa penseli. Ndiyo maana hakualikwa.

Paneli za jua weka kumi na mbili, getini. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilitandika kilowati 600 kwenye mapaa yake mwaka 2014, lakini mapaa hayaonekani kutoka kwenye gari la mgeni rasmi.

Pengine utajiuliza kuna ubaya gani kuwasikiliza kweli, japo mara moja. Kisa kipo. Chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, profesa mmoja aitwaye David Orr aliwapa wanafunzi wake, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi ya darasani ya kufikiria jengo la masomo ya mazingira lingekuwaje. Hawakuitwa baada ya mihuri. Waliitwa kabla hata msanifu hajapatikana, vikaitishwa vikao vya wazi pamoja na watu wa mji, na jengo alilolichora William McDonough likafunguliwa mwaka 2000: paneli za jua juu ya paa, maji machafu yakisafishwa na mimea ndani ya jengo lenyewe. Sifa zikaenea dunia nzima. Kisha akatokea mwalimu wa fizikia wa chuo hichohicho, John Scofield, akapima. Akasema hadharani kwamba jengo linakula umeme kuliko lilivyotangazwa. Wakabishana, kwa maandishi, miaka na miaka. Mitambo ikarekebishwa, na baadaye paneli nyingine nyingi zikaezekwa juu ya maegesho ya magari.

Mtu mwingine angesema hivyo ndivyo chuo kinavyopaswa kuwa: wanafunzi wanauliza, mwalimu anapima, jengo linasahihishwa. Wewe una mfadhili. Kwa hiyo fundisho lako ni moja, usiweke mita. Mita moja kubwa kwa chuo kizima inatosha, iwe nyuma ya jenereta, ndani ya kibanda chenye kufuli. Ukiweka mita kila ghorofa, wanafunzi wa mwaka wa tatu watazisoma kila Jumatatu na kubandika matokeo kwenye ubao wa matangazo, na ubao wa matangazo hauna kamati ya kuusimamia. Cheti cha kijani pata kwa michoro. EDGE, cheti kilichobuniwa na IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia, kinataka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya kaboni iliyotolewa katika kutengeneza vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Ni shabaha ya maana kwa mwenye nia. Kwa asiye nayo, ni bamba zuri la kupigilia mlangoni.

Siku ya uzinduzi haina mengi. Turubai, viti vya plastiki vyenye mavazi, ngoma, risala. Kwetu miembe miwili ilikatwa kupisha jengo la kijani; kwako pia mgeni rasmi apande mche mmoja, amwagilie kwa ndoo mpya. Wanafunzi wetu watatu wakae safu ya pili, katika fulana, waombwe kusimama na kupungia mkono. Hapo ukurasa wa kumi na nne umetekelezwa.

Mwaka jana nilipita kwenye jengo lile nililoshirikishwa kulisanifu. Madirisha ya ghorofa ya pili, upande wa magharibi, yamezibwa kwa maboksi ya karatasi za fotokopi na magazeti ya zamani, na selotepu imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndani taa zinawaka saa tisa mchana kwa sababu maboksi yamezuia mwanga. Mche wa mgeni rasmi sikuuona. Mwembe wa tatu ulipona kwa kuwa uko upande wa vyoo, na chini yake vimbweta vilikuwa vimejaa hadi watu wamekalia matofali. Kwenye dirisha moja la chini, lililong'olewa lakiri, umetoka waya mweupe wa ekstensheni. Umeshuka ukutani, ukafukiwa chini ya njia ya wapita kwa miguu, ukaibukia shinani mwa mwembe, na hapo laptopu saba zilikuwa zinachaji. Juu ya waya wamepanga vigae vilivyobaki kwenye ujenzi, vizuri kabisa, hakuna anayejikwaa. Nimeuliza. Ndiyo sehemu pekee ya jengo lile iliyosanifiwa na wanafunzi, na haijawahi kuharibika.